HARUFU YA RANGI NYUMBANI: PUA PEKE YAKE HAITOSHI



Kila mwaka, mvua zikikatika na kuta zikikauka, watu wa makambi na mitaa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi huanza kutengeneza nyumba zao. Huyu anapakaa rangi saloni. Yule anafunga dari la tripleksi. Mwingine anavunja ukuta mdogo ili apate chumba cha watoto. Ni kazi nzuri. Nyumba safi ni heshima ya jamaa, na mtu anayeitunza nyumba yake anastahili sifa.

Lakini kazi hiyo ina harufu, ina moshi na ina vumbi. Je, unajua namna ya kujikinga? Mgodini unajua. Nyumbani, mara nyingi, tunasahau. Ndiyo maana leo ukurasa wetu wa usalama na afya unaingia ndani ya nyumba yako.

TUWEKE MFANO

Tuweke mfano wa jamaa moja. Si jamaa ya mtu fulani, lakini utaona inafanana na nyingi unazozijua.

Baba anafanya kazi chini ya udongo. Bibi yake ana mimba kubwa, na mama mkwe anakuja kutoka Kamina ili amsaidie wakati wa kuzaa. Basi, siku ya mapumziko, baba anaamua kupakaa rangi ya mafuta katika chumba cha kulala. Rangi ni nzito. Anaichanganya na esanse ya motokari aliyoinunua barabarani kwa chupa. Anaanza baada ya saa sita ya mchana, na anamaliza jua likitua.

Ni mwezi wa 6. Usiku baridi ni kali. Rangi bado haijakauka, na watoto wanasema harufu inawachoma macho. Mama anapuliza marashi. Harufu inaonekana kupungua. Kisha baba analeta mbabula yenye makala mekundu, anaiweka katikati ya chumba. Anasema: «Rangi itakauka upesi, na sisi tutapata moto.» Anafunga dirisha na mlango kwa sababu ya baridi, ya mbu na ya wezi. Wanalala wote: baba, mama, na watoto wawili juu ya mkeka.

Tuwaache hapo kwanza. Tutarudi kwao mwishoni. Wewe unaposoma, hesabu: wamefanya makosa mangapi?

MGODINI UNAJUA TAYARI

Baruti ikipigwa mgodini, je, unarudi mahali pa kazi mara moja? Hapana. Unangoja. Mashine za upepo zinasukuma hewa mpya, moshi wa baruti unatolewa, mtu mwenye kazi hiyo anapima hewa kwa chombo. Akiona ni salama, ndipo anasema: «Ingieni.» Hakuna mchimbaji mwenye akili anayesema: «Mimi sisikii harufu yoyote, basi nitaingia.» Unajua vizuri kwamba moshi wa baruti unaleta monoksidi ya kaboni na gesi nyingine mbaya, na kwamba kutonuka si dalili ya usalama.

Basi, kanuni ya mgodi ni mambo matatu. La kwanza: kuondoa hewa mbaya na kuingiza nzuri. La pili: kungoja. La tatu: kutoiamini pua peke yake.

Nyumba yako nayo ni kama mgodi mdogo. Ina mapito ya hewa, ambayo ni mlango, madirisha na matundu ya juu ukutani. Ina watu ndani. Tena watu hao ni dhaifu kuliko wewe: mtoto mchanga, mwanamke mwenye mimba, mzee, mgonjwa wa pumu. Mgodini unakaa kwa saa za zamu yako tu, kisha unapanda. Wao wanavuta hewa ya nyumba usiku na mchana.

HARUFU INATOKA WAPI?

Fungua kopo la rangi ya mafuta. Ndani kuna mambo matatu: unga unaotoa rangi, kitu kinachoushika ukutani, na maji makali yanayoifanya iwe laini chini ya brashi. Maji hayo makali hayabaki ukutani. Kazi yake ni kuruka hewani ili rangi ikauke. Kwa hiyo, unaposema «rangi inakauka,» maana yake ni kwamba yale maji makali yanatoka ukutani na kuingia katika hewa ya chumba. Kama chumba kimefungwa, yataingia katika mapafu yako, na kutoka mapafuni yatapita katika damu hadi kichwani. Ndiyo sababu mpakaji rangi anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anachefuka, au anacheka ovyo kama mtu aliyelewa. Kweli amelewa, ingawa hakunywa kitu.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Ndani ya chumba kisicho na upepo huelekea kubaki chini. Na chini ndipo watoto wanapolala juu ya mkeka. Kumbuka jambo hili.

Esanse ni mbaya zaidi. Watu wengi wanaitia katika rangi kwa sababu ni rahisi kuipata na inakausha upesi. Lakini ndani ya esanse kuna benzini, sumu inayoharibu mahali damu inapotengenezwa mifupani, na inayoweza kuleta kansa ya damu. Tena mvuke wa esanse unashika moto hata siku ya baridi. Si lazima moto uguse kopo. Mvuke unatambaa sakafuni, unaikuta mbabula au mshumaa katika chumba kingine, na moto unarudi hadi kwenye kopo. Usichanganye rangi na esanse hata kidogo. Tumia kiyeyusho kilichoandikwa juu ya kopo, kwa kipimo kilichoandikwa.

Tripleksi na mbao za kubandikwa nazo zina harufu yao, inayochoma macho na koo. Inatoka katika gundi, ambayo mara nyingi imetengenezwa kwa formaldehidi. Mwaka 2004, shirika la kimataifa la kuchunguza kansa lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka formaldehidi katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Joto na unyevu huifanya itoke kwa wingi. Kwa hiyo mbao mpya za namna hiyo ziache kwanza barazani, zimesimama mbalimbali ili upepo upite katikati, siku kadhaa kabla ya kuzifunga ndani. Godoro jipya la sponji lifanyie vivyo hivyo.

Ikiwa unaweza kuchagua, chagua rangi ya maji kwa vyumba vya kulala. Nayo ina harufu, lakini ni ndogo. Na usiidharau chokaa ya wazee wetu. Chokaa haina maji makali yanayoruka hewani. Hatari yake ni nyingine: inachoma macho na ngozi. Vaa miwani ya kazi, na ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi, robo saa nzima bila kuacha, kisha nenda hospitali.

PUA INACHOKA

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawalijui. Pua ni mlinzi mzuri anapofika kazini, lakini baada ya muda mfupi analala.

Jaribu mwenyewe. Ingia katika chumba kilichopakwa rangi: harufu ni kali. Kaa humo nusu saa: unaisikia kidogo tu. Je, sumu imepungua? Hapana. Ni pua iliyozoea. Toka nje, vuta hewa safi dakika kumi, rudi ndani: harufu inakupiga tena usoni. Kwa hiyo, ukitaka kujua hali ya chumba, usimwulize mtu aliyekaa ndani. Mwulize anayetoka nje. Jirani akisimama mlangoni na kusema: «Lo, hapa kunanuka!», usimkasirikie. Amekusaidia.

Na marashi je? Ubani? Kitunguu kilichokatwa na kuwekwa katika sahani? Ndoo ya maji chini ya kitanda? Ndugu, hayo hayaitoi sumu chumbani. Marashi yanaidanganya pua tu. Ubani unaongeza moshi juu ya moshi. Sumu ya hewa ina dawa moja: hewa nyingine.

Na maski ya kazini? Maski nyepesi ya kuzuia vumbi huzuia vumbi tu. Mvuke wa rangi unapita ndani yake kama maji katika kitambaa. Maski inayozuia mvuke ina kikopo chenye makaa maalumu, na kikopo hicho kina mwisho wake. Usijione salama kwa sababu umefunga kitambaa puani.

ADUI ASIYENUKA

Tumesema habari za vitu vinavyonuka. Sasa tuseme habari za adui mkubwa kuliko wote, ambaye hanuki kabisa.

Makala yakiwaka mekundu, bila moshi, tunasema: «Sasa ni mazuri, yaingize ndani.» Kumbe ndipo yanapotoa monoksidi ya kaboni, ile ambayo mafundi wanaandika CO. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Ikiingia katika damu inakaa mahali pa oksijeni, na inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anavuta pumzi vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili haupati kitu. Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kutapika, usingizi mzito. Miguu inakosa nguvu: mtu anauona mlango, anaujua, lakini hawezi kuufikia.

Wachimbaji wa Uingereza walimjua adui huyu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1890, mtaalamu John Scott Haldane alionyesha kwamba katika milipuko na mioto ya migodi ya makaa, wengi hawakuuawa na moto bali na gesi hii. Alishauri wachimbaji washuke na mnyama mdogo, kwa sababu sumu humshika mapema kuliko mtu. Ndiyo maana walichukua ndege aitwaye kanari. Ndege akianguka ndani ya tundu lake, watu walikimbia. Walitumia ndege hao hadi mwaka 1986, vyombo vya kupima vilipochukua nafasi yao.

Ndugu, nyumbani kwako hakuna kanari. Ukilala na mbabula ndani, kanari atakuwa mtoto wako mdogo.

Sheria ni moja tu, haina «lakini»: mbabula hailali ndani. Si kwa kukausha rangi, si kwa kufukuza baridi, si «kwa dakika kidogo.» Hata dirisha likiwa wazi kidogo, haitoshi. Na mashine ya umeme inayotumia esanse ni ndugu ya mbabula. Umeme ukikatika, usiiweke jikoni, barazani, wala chini ya dirisha. Iweke mbali uani, moshi wake uelekee mahali pasipo na nyumba yako wala ya jirani.

Angalia pia udanganyifu huu. Mtu anaamka na kichwa kinachouma, anatapika, anasema: «Ni malaria,» anameza vidonge, anarudi kulala katika chumba kile kile. Jiulize: je, watu wa chumba kimoja wanaumwa pamoja, saa moja? Je, wakikaa nje wanapata nafuu, na wakirudi ndani wanaumwa tena? Malaria haifanyi hivyo. Hiyo ni hewa ya nyumba. Toka nje kwanza, kisha nenda kwa muganga na umweleze habari za mbabula na rangi, maana asipojua hatafikiri jambo hilo.

VUMBI LA KUTA ZA ZAMANI

Nyumba nyingi tunazokaa zilijengwa zamani, na kuta zake zina rangi juu ya rangi. Kabla ya kupakaa mpya, fundi anakwangua ya zamani kwa karatasi ya msasa. Vumbi linajaa nyumba yote. Halinuki, lakini si vumbi la kawaida.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo mafundi huita plomb. Hatari hii ilijulikana mapema. Mwaka 1921, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha huko Genève mapatano namba 13, yaliyotaka rangi nyeupe ya risasi isitumiwe tena ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache. Marekani ilikataza rangi zenye risasi katika nyumba za watu mwaka 1978. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto polepole. Mtoto haanguki, halii. Ila anachelewa kujifunza, na shuleni wanasema ni mvivu. Anaipata kwa kutambaa sakafuni na kutia vidole kinywani.

Kwa hiyo fanya kama unavyofanya na mashine ya kutoboa mwamba: tumia maji. Wewe unajua kwa nini mgodini tunatoboa kwa maji. Ni kwa ajili ya mapafu, ili vumbi la jiwe lisiyageuze kuwa mawe. Nyumbani ni vile vile. Lowesha ukuta kwanza, kwangua ukiwa majimaji, kusanya takataka zikiwa bado zimelowa. Usifagie kwa ufagio mkavu. Nyunyiza maji, kisha panguza kwa kitambaa kilicholowa. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.

Na kama paa au dari lako ni la zile bamba za sima yenye nyuzi za amianti, usilikate kwa msumeno, usilitoboe, usilivunje kwa nyundo. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, zinaingia mapafuni, na baada ya miaka mingi huleta kansa. Likiwa zima, liache. Likivunjika, wajulishe wanaoshughulika na nyumba au na usalama, usilitengeneze mwenyewe.

MAMA, ANGALIA JAVELI

Kazi ya baba imekwisha. Sasa mama anataka kusafisha. Sakafu ina madoa ya rangi na sima. Anachukua javeli. Doa halitoki. Anaongeza asidi ya kusafishia musala. Doa linachemka, na mara anakohoa, macho yanatoka machozi, kifua kinabana.

Mama, umetengeneza klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa na jeshi la Wajerumani tarehe 22 mwezi wa 4 mwaka 1915, karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, ili kuwaua askari katika mahandaki yao. Usiifanye ndani ya nyumba yako. Javeli hutumiwa peke yake, na maji tu. Usiichanganye na asidi, siki, amonia, wala dawa nyingine yoyote ya kusafisha. Na kama umetumia asidi, suuza kwa maji mengi kabla ya javeli kufika mahali pale.

Jambo jingine. Mafuta ya rangi yaliyobaki, petroli ya taa, kiyeyusho: usivitie katika chupa ya maji au ya limonade. Mtoto mwenye kiu hasomi. Akimeza, usimtapishe. Kinachomwua mara nyingi ni mafuta kuingia mapafuni wakati anapotapika. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya mawese. Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na chupa ile.

Na wewe baba: pipa na ndoo vilivyotoka kiwandani na dawa ndani, hata ukivisafisha mara tatu, si vyombo vya maji ya nyumbani wala vya kuchanganyia rangi. Viache kazini.

PANGA KAZI YAKO HIVI

1. Chagua kiangazi na uanze asubuhi. Ukianza asubuhi, chumba kitapata jua na upepo wa siku nzima kabla ya baridi ya usiku.

2. Fanya chumba kimoja, umalize, kisha kingine. Ukifungua vyumba vyote kwa siku moja, jamaa itakosa pa kulala, na hapo ndipo watu wanaporudi mapema.

3. Tafuta mahali pa kulala kabla ya kufungua kopo. Wenye mimba, watoto wadogo, wazee na wenye pumu wasikae karibu na kazi, wala wasisaidie «kidogo tu.» Waende kwa jirani au kwa ndugu.

4. Fungua pande mbili zinazotazamana. Dirisha moja peke yake halisukumi hewa. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, kama mgodini. Ukiwa na mashine ya upepo ya mezani, iweke karibu na dirisha ikitazama nje, ili itoe hewa mbaya. Lakini usitumie mashine ya umeme kama mvuke wa kiyeyusho ni mwingi, maana cheche ndogo yatosha.

5. Hakuna moto: hakuna mbabula, mshumaa, kibatari wala sigara ndani ya nyumba nzima, wakati wa kupakaa na hadi harufu iishe.

6. Pumzika nje. Kila mara toka, vuta hewa safi, kunywa maji. Kichwa kikianza kuuma, usiseme «nimalizie ukuta huu.» Toka.

7. Funga kopo vizuri kila unapoacha kuchovya. Usiku makopo yakae nje, mahali penye kufuli, si chini ya kitanda.

8. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, yale yanayotumiwa katika vernisi na rangi, usivikunje na kuvitupa pembeni. Vinaweza kujipatia joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vitie katika kopo la maji.

9. Ngoja. Kwa rangi ya mafuta, msilale humo kwa muda wa siku 2 au 3 angalau, madirisha yakiwa wazi mchana kutwa. Kwa mtoto mchanga, ongeza. Rangi ikikauka kidoleni haijamaliza kutoa mvuke. Kisha mwite jirani asimame mlangoni, afanye kazi ya pua. Akisikia harufu, ngoja tena.

10. Usiku wa kwanza, acha tundu la juu wazi. Kwa mbu, weka chandarua. Kwa wezi, weka vyuma vya dirisha. Kwa baridi, ongeza blanketi. Adui hao watatu wana dawa, na dawa hiyo si kufunga hewa.

MTU AKIZIDIWA

Ukimkuta mtu amelala chumbani haamki, na kuna mbabula au harufu kali, usiwashe kiberiti ili uone, wala usibonyeze taa. Vuta pumzi nje, izuie, ingia, fungua mlango na dirisha, umburute nje. Usibaki ndani kumwamsha. Mgodini tumefundishwa: mwokoaji anayeingia bila kufikiri anakuwa maiti wa pili.

Nje, mlegeze nguo. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Kama hapumui, mpe pumzi kama ulivyofundishwa katika masomo ya huduma ya kwanza, na mtu mwingine akimbie kuita gari. Usimmwagie maji, usimpe kitu cha kunywa. Hata akiamka na kusema «niko mzima,» mpeleke hospitali, maana sumu ya makala inaweza kuacha madhara yanayoonekana baadaye. Na mwanamke mwenye mimba aende hata kama anaona ameumwa kichwa tu: mtoto tumboni huumia kuliko mama.

TURUDI KWA JAMAA YETU

Umehesabu makosa? Ni matano. Walitia esanse katika rangi. Walilala ndani usiku ule ule, pamoja na mwenye mimba na watoto. Walifunika harufu kwa marashi. Waliingiza mbabula. Walifunga hewa yote. Na bahati yao ya kwanza ni kwamba mvuke haukushika moto na kuwaunguza wote.

Mfano wetu una miisho miwili, na yote miwili inatokea katika nyumba za watu. Katika mwisho wa kwanza, mama anaamka usiku kwa sababu mimba inambana. Kichwa kinauma, miguu haina nguvu. Anatambaa, anausukuma mlango, unafunguka. Baridi inaingia. Anaita. Majirani wanakuja. Wote wanapona.

Katika mwisho wa pili, mama haamki. Asubuhi mama mkwe anafika na mizigo yake kutoka Kamina, anabisha hodi, anabisha tena. Chumba ni kizuri, kuta zinang'aa, rangi imekauka.

Kati ya miisho hiyo miwili hakuna elimu kubwa wala fedha nyingi. Kuna mlango mmoja tu uliofunguliwa.

Baba wa mfano wetu hakuwa mjinga. Katika mgodi, asingemruhusu mwenzake kuingia mahali penye moshi wa baruti kabla ya wakati. Angemshika mkono. Angepiga kelele. Alikosa jambo moja tu: aliiacha akili ya mgodi getini, pamoja na kofia na taa.

Ndugu mfanyakazi, kofia na taa uache. Akili hiyo, rudi nayo nyumbani. Leo jioni, baada ya kusoma, simama katikati ya chumba cha watoto wako, tazama huku na huku, ujiulize: hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi? Kama huna jibu, kazi ya kwanza ya kutengeneza nyumba yako si rangi. Ni tundu.